TAHADHARI: Chenso "zilizoongezwa nguvu" zinazozungushwa Mafinga hadi Makambako

Wadau wa mbao, kuna jamaa anazunguka na chenso kuanzia Mafinga hadi Makambako, na matangazo yake yanarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapasuaji. Ana biashara mbili. Ama anakuuzia mashine iliyotumika anayosema ni Stihl MS 381 "ya kazi, imefunguliwa njia", yaani imeongezwa nguvu, ama anaichukua ya kwako akaiongezee nguvu kwa laki moja na nusu. Mimi ni fundi, na zikishakufa zinaletwa kwangu.

Kinachowanasa watu ni video. Anavuta kamba, mashine inawaka papo hapo, anaiminya hadi mwisho hewani, inalia kama nyigu. Kisha anakata gogo la paina kavu, jembamba, sekunde chache limedondoka. Ule mlio wala si nguvu. Amekaza skrubu ya H kwenye kabureta, ile inayopanga petroli ya mwendo wa kasi, petroli ikapungua, hewa ikazidi, mzunguko ukapanda. Na kwenye chenso petroli ndiyo inayobeba oili: mchanganyiko ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 za oili kwenye lita 5 za petroli. Ukiibana petroli umebana na oili, na joto la pistoni linakosa cha kulipunguza. Kwenye video fupi hutaona kitu. Ipeleke Sao Hill ukaangushe miti tangu asubuhi, jua halijafika utosini itakuwa imenoki.

Zinazoletwa kwangu zina ugonjwa uleule. Nafungua eksozi, namulika tochi kwenye tundu: pistoni ina mikwaruzo ya wima upande huo wa eksozi, na aluminiamu imeyeyuka ikapaka ringi mpaka ringi haichezi tena. Ukigeukia upande unaoingiza hewa, pistoni bado ina mistari yake ya kiwandani. Hiyo siyo chenso iliyochakaa. Imeuawa kwa kukosa mafuta, na mwenye nayo anaambiwa "umeweka oili mbaya".

Sikatai kwamba chenso inaongezwa nguvu. Inaongezwa, na mafundi wanaojua wapo. Eksozi ikipanuliwa injini inapumua vizuri zaidi, lakini hapo kabureta inatakiwa iongezwe petroli, siyo ipunguzwe. Wapo wanaotoa gasketi ya chini ya silinda ili kompresheni ipande. Fundi wa kweli akifanya hivyo anapitisha waya laini wa kulehemu kwenye tundu la plagi, anazungusha injini, waya unabanwa, anaupima unene. Ukibaki chini ya nusu milimita, anarudi nyuma, maana pistoni itakuja kugonga kichwa. Muulize huyu jamaa alipata kipimo gani. Anabadilisha mada anakuja na bei.

Msidanganyike na geji ya kompresheni pia. Anapenda kuitoa mbele ya mteja, sindano inapanda vizuri, mteja anatabasamu. Oili kidogo ikidondoshwa kupitia tundu la plagi inaziba pembeni ya ringi na kipimo kinapanda hata kama ringi zimekwisha. Chomoa plagi wewe mwenyewe kabla ya kupima. Ikiwa imelowa oili mbichi, ondoka.

Halafu mnyororo. Vile vidole vifupi vinavyotangulia kila jino ndivyo vinavyopanga jino liume mti kwa kina gani. Kwa minyororo mingi ya kazi nzito vinatakiwa viwe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Yeye anavikata na tupa mpaka karibu viishe. Kwenye paina laini mnyororo unameza mti, unaona raha. Kwenye mlingoti unadaka, unaruka, na ncha ya upanga inakurudia usoni. Hili linaniudhi kuliko pesa. Injini inanunulika.

Kuhusu zile za kuuza: nilizoziona zimeandikwa Stihl, ni kopi. Stihl yenyewe ina namba ya mashine ya tarakimu 9 iliyogongwa kwenye mwili wa injini. Hizi nyingine hazina namba kabisa, nyingine stika tu inayobanduka kwa ukucha. MS 381 ina silinda ya sentimita za ujazo 72.2, akikuambia yake ni "cc 90 baada ya kutengenezwa", hapo hakuna mazungumzo.

Kama bado mtu anataka kujaribu, aende na gogo lake, mlingoti mbichi, mnene. Tangi lijazwe mchanganyiko ulioutengeneza mwenyewe. Iminye hadi mwisho ikiwa nje ya mti: mlio uwe mzito, unagugumia kidogo, kisha ukiingia kwenye mti ndipo usafike. Ikilia kali na safi nje na ndani, petroli imebanwa. Achia kabisa, mnyororo usimame wenyewe. Kisha weka mnyororo huohuo, ulionolewa upya, kwenye chenso nyingine ya saizi ileile ambayo haijaguswa, mkate gogo hilohilo kwa saa ya simu. Huyu jamaa kila akiambiwa hivyo ana safari ya haraka.

Mliokwisha mpa mashine na zimerudi zinalia hivyo, msiziwashe kabla ya kufungua eksozi na kutazama pistoni. Pistoni ikiwa nzima, ndipo muiwashe na kuifungua H kidogo kidogo mpaka ule mgugumio urudi. Mliotuma pesa, tunzeni meseji za muamala na hizo video mwende nazo polisi. Namba ya simu anabadilisha, lakini sauti na mikono yake iko kwenye video zote.