Vihisi vya kupimia mwendo majini: kabla ya bei, uliza saa

Lalamiko ni lilelile kila mara. Vihisi viwili, kimoja kila mkono, huanza vikikubaliana. Baada ya nusu saa bwawani, mkono wa kushoto unaonekana kuchelewa. Mwogeleaji hana kosa. Saa za ndani za vihisi zimeachana.

Kristali ya kawaida, ile inayoendesha saa hizo, hukosea sehemu 20 kwa milioni, yaani milisekunde 72 katika muda wa saa moja. Kimoja kikikimbia na kingine kikichelewa, pengo ni milisekunde 144, na kwa sampuli (vipimo) 100 kwa sekunde hizo ni sampuli 14. Nchi kavu, Bluetooth huweza kuzilinganisha saa. Majini mawimbi yake ya gigahezi 2.4 hufa ndani ya sentimita chache. Tena kihisi cha kifundo cha mkono hupoa, cha chini ya vazi la kuzamia hubaki na joto, na joto hubadili mwendo wa kristali.

Kati ya vihisi vinavyouzwa, nafasi ya kwanza naipa Axivity AX6, na sifichi kwamba naipenda: ina hifadhi ya megabaiti 1024 na hukupa data ghafi bila kukufungia. Saa yake pia huteleza, kwa hiyo fanya hivi: funga vihisi vyote kwenye kibao kimoja, kigonge mezani mara tatu ili vyote virekodi mshtuko uleule, kisha vaa. Ukitoka majini, rudia. Kugonga kwa mwanzo pekee hakusaidii. Ni kule kwa mwisho kunakoonyesha saa imeteleza kiasi gani, ndipo unyooshe data katikati. Lakini AX6 ni ya kuogelea juu juu, si ya kuzamia.

Kwa kina, chukua Movesense, inayostahimili mita 30. Nunua yenye hifadhi kubwa. Ile ya kawaida hujaa mapema.

Saa nyingi za mkononi za kuogelea hukupa muhtasari tu, kama idadi ya mipigo ya mikono, si data ghafi. Moduli tupu za MPU-6050, chipu ya kuhisi mwendo isiyo na kasha, hazina kinga ya maji, ziache.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaoandika “IP68”, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji, bila kina wala muda. Ile 8 maana yake ni zaidi ya mita 1, kwa kina alichotaja mtengenezaji. Asipokitaja, hujaambiwa kitu. Wengine wanakuuzia kihisi, kisha wanadai leseni ya kila mwaka ili ufungue data yako mwenyewe! Waulize kwa maandishi: saa ya kihisi hukosea kiasi gani kwa nyuzi joto 15, na kwa nyuzi joto 35? Wasipojibu, usilipe.