Tiketi ya msimu wa kwanza wa Houston Texans: uzoefu wangu

Mwaka 2002 nililipia tiketi mbili za msimu mzima za Houston Texans, timu mpya kabisa ya futiboli ya Kimarekani: moja yangu, nyingine ya jirani yangu, mzee aliyewashabikia Oilers, timu ya zamani ya Houston, tangu ujana wake hadi timu hiyo ilipohamia Tennessee baada ya msimu wa 1996. Mimi nimekulia Tanga na mchezo huu nimeujulia ukubwani, kwa hiyo naandika kama mnunuzi aliyetaka kuona fedha yake imekwenda wapi.

Usiku wa tarehe 8 Septemba ulitosha kunirudishia sehemu kubwa ya fedha hiyo. Texans waliwakaribisha Dallas Cowboys, vigogo wa jimbo hilohilo la Texas, katika uwanja mpya wa Reliant wenye paa la kufunguka na nyasi za asili zilizooteshwa ndani ya trei kubwa. Kwotabeki David Carr, yaani mrushaji wa mpira anayeongoza mashambulizi, kijana aliyechaguliwa wa kwanza kati ya wachezaji wote waliotoka vyuoni mwaka huo, alimrushia Billy Miller pasi ya yadi 19, na timu ikapata tachidauni yake ya kwanza, yaani bao la kufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Cowboys walisawazisha, ikawa 10-10; kisha Carr akampata Corey Bradford kwa pasi ya yadi 65, na baadaye Seth Payne akamwangusha kwotabeki wa Cowboys katika eneo lake la mwisho, zikaongezeka pointi 2. Mchezo uliisha 19-10. Tangu Minnesota Vikings mwaka 1961, hakuna timu mpya ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, iliyokuwa imeshinda mechi yake ya kwanza. Jirani yangu alisimama mikono kichwani, machozi yakimtoka, hasemi neno, na nilimwacha hivyo mpaka watu wa safu yetu walipoanza kutoka.

Baada ya hapo tuliona mateso. Texans walishinda mechi 4 na kupoteza 12, na Carr aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya ligi ambayo hakuna kwotabeki angependa iandikwe kwa jina lake. Viti vyetu vilikuwa juu, nyuma ya goli, mahali ambapo wengi huona ni pabaya, lakini kutoka pale safu ya mbele, yaani wanaomkinga kwotabeki, huonekana ikifunguka kama mlango usio na komeo. Tony Boselli, aliyechukuliwa kutoka timu ya Jacksonville ili amkinge Carr upande wa kushoto, ule ambao mrushaji wa mkono wa kulia hauoni, alikuja na bega bovu na hakucheza hata mechi moja. Nasema bila kusita kwamba kumweka kijana nyuma ya ukuta wa namna ile lilikuwa kosa, na kila alipoinuka akichomoa majani kwenye vyuma vya kofia yake nilimwonea uchungu kama mwanangu.

Anayefikiria kununua tiketi ya aina hii ajue kwamba analipia mechi za nyumbani tu. Ushindi tuliouona kwa macho ulikuwa mara mbili, dhidi ya Cowboys na New York Giants. Ule wa ajabu kuliko wote, wa 24-6 kule Pittsburgh mwezi Desemba, ambapo timu ilisogeza mpira yadi 47 tu mchezo mzima na tachidauni zote 3 zikafungwa na walinzi, mbili kati yake na Aaron Glenn, niliutazama sebuleni. Maegesho nayo yalinikera, kwa kuwa mwenye kiwanja kimoja cha binafsi alinipandishia bei nikiwa tayari nimeshaingiza gari.

Tennessee Titans, yaani Oilers walewale kwa jina jingine, walikuja kumaliza msimu nasi, wakatushinda. Jirani yangu alikataa kuwazomea. Alisema kwamba waliokuwa uwanjani hawakuwa waliohamisha timu.

Msimu wa pili nililipia tena viti vilevile nyuma ya goli, kwa sababu nilitaka kuona ni nani ataletwa kusimama upande wa kushoto wa Carr.