Mchaichai wa Kadutu: chukua fungu lenye mizizi

Tangu mvua zilipoanza Septemba nimekuwa nikinunua mchaichai, ambao wengi wetu hapa Bukavu tunauita sitroneli kwa kufuata Kifaransa, kwa mama mmoja anayetandaza gunia lake kwenye mteremko wa soko la Kadutu. Anauza mafungu mabichi yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, majani makavu katika mifuko midogo, na vichupa vya mafuta. Siku ya kwanza nilichukua vyote vitatu; siku hizi ninarudia kimoja tu.

Kwa faranga 1000 fungu bichi lilikuwa na mashina 12, yaliyonona kwenye kitako, na mengi yalikuwa bado na mizizi yenye udongo. “Papa, shina likiwa jepesi mkononi, usilichukue hata kwangu,” aliniambia mama huyo, akaliondoa moja na kunibadilishia. Ukikibonyeza kitako kwa ukucha, harufu ya limau inatoka papo hapo. Harufu hiyo inatokana na sitrali, ambayo imo pia katika ganda la limau lenyewe, na kwa kuwa inaruka upesi pamoja na mvuke, chai ya mchaichai haina budi kuchemshwa sufuria ikiwa imefunikwa. Majani yakatwe kwa mkasi, kwani kingo zake ni kali; mke wangu aliyavuta kwa mkono akachanika kidole.

Kitako, kikishapondwa kwa mchi, tunakitia katika mchuzi wa nyanya wa sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kisha tunakitoa kabla ya kupakua kwa sababu nyuzi zake hazitafuniki. Lakini faida ambayo sikuitarajia ilikuja baada ya chakula. Anayekaanga sambaza katika nyumba ya vyumba viwili anajua jinsi harufu inavyolala kwenye mapazia hadi kesho yake. Sasa tunatia mabaki ya majani katika sufuria ya maji, tunaiweka juu ya makaa yanayokaribia kuzimika, na safari hii tunaiacha wazi, kwa kuwa mvuke uleule tuliouzuia kwenye chai ndio tunaoutaka chumbani. Maji yanayobaki, yangali vuguvugu, yanapigia deki sakafu na kusuuzia ndoo iliyobeba samaki.

Majani makavu hayastahili maneno mengi: yalifungwa kabla ya kukauka sawasawa, yakaota ukungu.

Kuhusu mafuta, nilidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mafuta halisi ya mmea wenye harufu huruka yote na kuiacha karatasi karibu safi, ilhali yangu yaliacha doa la kung'aa ambalo siku ya pili lilikuwa palepale, yaani ndani ya kichupa mlikuwa na mafuta mengine yasiyoruka, huenda ya kupikia. Nilipomweleza, mama alikiri kwamba naye huletewa tu. Aidha, mafuta ya kufukuzia mbu yanayouzwa kwa jina hilohilo la sitroneli hutolewa hasa kutoka kwa mimea mingine ya jamii hiyo, si huu wa chai, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuacha chandarua kwa sababu ya kichupa hiki au ya kichaka kilichooteshwa mlangoni.

Mashina manne yenye mizizi niliyapanda ukingoni mwa ua wetu, mahali ambapo kila mvua ilikuwa ikiondoka na udongo kidogo. Mchaichai wa bustanini ni nadra kutoa maua. Huzidishwa kwa kutenganisha mashina ya kichaka kimoja na kuyapanda upya, na ndiyo maana mizizi ile ina thamani kuliko majani. Nimekwisha kumgawia jirani.

Mama huyo anapatikana asubuhi. Baada ya saa sita bei hushuka, ila jua linakuwa limekwisha kuikausha mizizi, na fungu la wakati huo linafaa kwa sufuria peke yake.