Karejeta ka oili kenye feni: nimekapima nyuma ya trakta ya miwa

Semeni wasee, karibuni tena, leo niko hapa Mamboleo, Kisumu, na kama mnaskia kelele huko nyuma ni kompresa ya jamaa wa pancha, mtanivumilia tu. Leo hatuongei rimu wala mlio wa egzosi. Leo ni hivi vitu vitatu, viwili viko hapa kwa meza na kimoja kiko kwa gari, turejeta twa kupoza oili, tudogo hivi, kila kamoja na feni yake mgongoni. Mafundi wengi wanaita oili kula, na hilo jina mimi naliogopa, ju kati ya hivi vitatu kuna moja ilikula oili kweli kweli, tutafika hapo.

Wacha niwaambie imetoka wapi. Gari yangu mnaijua, Forester SG5 ya turbo, injini EJ205, giaboksi automatiki ya gia nne, busti, yaani presha ya turbo, imeongezwa kidogo, si sana, mi si mtu wa kulipua injini. Hapa mpaka Nakuru inachapa poa, mshale wa temperecha hautingishiki. Sasa siku moja natoka Chemelil napanda Nandi Hills, mbele yangu kuna trakta na matrela ya miwa, imejaa mpaka inadondosha kwa kona, na kupita hakuna, huku ukuta wa mlima huku bonde. Tunatambaa, kilomita 15 kwa saa, saa zingine 10. Tukaenda hivo kitu nusu saa, alafu taa ikawaka kwa dashibodi, AT OIL TEMP. Nikaangalia mshale wa maji, uko katikati kabisa, umetulia kama mzee wa kanisa, kumbe giaboksi inapikwa.

Hapo ndio nilianza kuelewa kwamba automatiki haipati joto sana ukiikimbiza, inapata joto ukiitambaza mlimani. Kuna ule mtungi uko kati ya injini na giaboksi, toki konveta, ukiwa mwendo wa 100 pale Ahero umejifunga, injini na giaboksi zinazunguka pamoja. Lakini ukiwa mwendo wa pole na mzigo na mlima haujajifunga, injini inasukuma mafuta, mafuta ndio yanasukuma giaboksi, na nguvu yote yenye imepotea hapo katikati inageuka joto ndani ya hayo mafuta. Alafu angalia vile gari imetengenezwa, hayo mafuta yanapozwa ndani ya tanki ya chini ya rejeta ya maji. Sasa maji yenyewe yako kwa digrii 90, yatapoza nini chini ya 90?

Ndio maana unaongeza karejeta kake. Na ndio maana unataka kenye feni, ju kale ka kawaida ka kuweka mbele kanategemea upepo wa mwendo, na nyuma ya trakta ya miwa niambie huo upepo unautoa wapi.

Kabla ununue chochote, pima. Aki nawaomba. Mi niliweka geji mbili, sensa moja kwa paipu ya kutoka giaboksi na nyingine kwa paipu ya kurudi, hapo unaona imeingia na ngapi na imetoka na ngapi. Bila kitu mpya yoyote, ile njia ya Nandi Hills, saa sita mchana, nyuma ya trakta, nilifika 127. Watu wa giaboksi wana hesabu yao ya mkono, kwamba ukishapita 80 hivi, kila digrii 11 unazoongeza zinakata maisha ya mafuta nusu. Fanya hesabu mwenyewe kutoka 80 mpaka 127 alafu ukumbuke lini mara ya mwisho ulibadilisha ATF, hayo mafuta ya giaboksi.

Haya, ya kwanza hii. Haina jina, boksi imeandikwa tu inafaa gari zote, na kitu cha kufaa gari zote mimi nakishuku kama ile dawa ya steji inatibu meno, mgongo na mapenzi. Lakini bei ilikua 7,500 nikaingia. Iangalie karibu, hebu nilete kamera... hii ni paipu moja tu inapinda-pinda kama nyoka, na katikati kuna vibati. Shida ya hii muundo ni oili ya katikati ya paipu haigusi ukuta, inapita tu inatoka na joto yake. Sasa linganisha na hii ya pili, ni sahani nyembamba za alumini zimebebana, oili inagawanywa kila sahani inapata kidogo, na ndani kuna vimesh vya kuivuruga. Si mnajua vile mtoto akitaka chai ipoe haraka unamwagia kwa sosa? Ndio hiyo. Chai kwa kikombe, chai kwa sosa.

Turudi kwa ya kwanza ju bado nina uchungu nayo. Feni imeshikwa na hizi pini za plastiki zinapita katikati ya vibati vya rejeta. Hizi. Zione. Fundi akaweka, tukawasha, inazunguka, inatoa upepo, tukashukuru Mungu. Napanda Nandi Hills, 121. Nimetumia pesa yote hiyo nimeshuka digrii sita! Nikafikiri labda ni ndogo. Kesho yake niko hapa naosha gari nikashika tishu mbele ya karejeta nikiwasha feni, nikitarajia tishu ivutwe ishikane na vibati, tishu ikaruka ikanipiga usoni. Omera, waya zilikua zimebadilishwa! Feni ilikua inazunguka kinyume, inasukuma hewa kwenda mbele wakati gari inasukuma hewa kuja nyuma, zinapigania hapo katikati. Na mabapa ya feni yamepindwa kwa upande mmoja, ukizungusha kinyume bado inatoa upepo lakini dhaifu, ndio maana hatukujua. Kubadilisha waya mbili, dakika moja, nikarudi mlimani nikapata 114. Kwa hivyo tishu moja, wasee, kabla fundi alipwe.

Baada ya wiki tatu ikaanza kuvuja. Hizo pini za plastiki, gari ikitetemeka kwa hizi barabara zetu, zinasugua paipu ya alumini polepole mpaka inatoboka. Niliona matone mekundu chini ya gari asubuhi, bahati nilikua nyumbani. Feni isishikwe na vibati, ishikwe na fremu. Mahali nimesema sinunui hata kwa mia tano ni hapo.

Ya pili hii ni Setrab, kampuni ya Uswidi, niliazimwa na jamaa wa Nakuru anakimbiza gari za mashindano, so nishike pole. Sahani, fremu, feni na kava zimekuja pamoja kama kitu kimoja. Njia ileile, jua lileile karibu, 101. Sina maneno. Chenye ningelalamikia ni bei na kwamba lazima niirudishe.

Lakini angalia kava, ju hapa ndio watu wanapoteza pesa. Feni ni mviringo, rejeta ni mraba. Ukiweka feni moja kwa moja juu ya vibati inavuta hewa kwa ule mviringo tu, kona zote nne zinakaa hapo kama wageni wa harusi. Nimechukua gazeti la jana, naweka mbele ya ile ya kwanza, nawasha... mnaona? Katikati imeshika, kona zinapepea. Sasa naweka kwa hii yenye kava... imeshika yote mpaka pembeni, hata kuibandua inabidi ukunje kucha. Kava inaacha nafasi kidogo kati ya feni na vibati, kama vidole viwili hivi, hewa inavutwa kutoka kila mahali.

Na usidanganywe na namba ya upepo kwa boksi ya feni. Hiyo namba imepimwa feni ikiwa peke yake hewani, haijawekewa kitu mbele. Ukiibandika kwa rejeta yenye vibati vimesongamana inashuka vibaya. Ndio maana kwa karejeta kenye feni usitafute vibati vimefungana sana, hivo ni vya gari ya kukimbia tu, alafu huku kwetu vumbi na mabua ya miwa yakiingia humo kutoa ni kazi ya mswaki na subira.

Ya tatu sasa, hii ndio iko kwa gari yangu. Nimeiunga mwenyewe. Sahani nilitoa kwa spea za eks-Japani, safu 19, yaani sahani 19 zimebebana, nikaisafisha na petroli mara tatu mpaka ikatoka safi, hiyo usiruke, hujui injini ya mwenyewe ilikufa na nini. Feni ni Spal, ya Italia, wana feni nyingi zenye IP68, yaani hiyo 6 ni vumbi haliingii na 8 ni hata ikizama majini inavumilia, na kama umewahi kupita Kano, huko kwa mafuriko, mvua ikinyesha unajua kwa nini nataka hiyo 8. Kava ilikatwa na fundi wa bati hapa jua kali, 1,500, na chai nikamnunulia. Nandi Hills imefika 104. Digrii tatu nyuma ya Uswidi, na jumla haikufika nusu ya bei yake. Mimi hapo nimeridhika.

Nimeiweka kwa kona ya bampa, nyuma ya taa ya ukungu, sijaiweka mbele ya rejeta ya maji, ju ukiweka hapo unaipatia rejeta hewa imeshapata moto, na kwa mlima yote mbili zinataka hewa baridi. Lakini kwa kona lazima hewa iwe na pa kutokea. Mi nimetoboa lai la matairi, ile plastiki ya ndani, nikaweka wavu. Bila shimo la kutokea feni inazungusha hewa ileile kama sufuria imefunikwa. Na midomo ya paipu iangalie juu, ikiangalia chini hewa inafungiwa ndani na nusu ya sahani haipati oili.

Umeme haraka haraka: usitoe kwa waya ya taa. Hii inakula kama ampea 9 ikitulia na wakati wa kuanza inaruka zaidi, so tumia rilei, ile swichi ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa, mguu wa 30 kutoka betri na fyuzi ya 15 karibu na betri, 87 kwa feni, 85 na 86 ni za swichi. Swichi ya joto iko kwa paipu, inawasha feni kwa 82. Alafu kuna watu wananiuliza kwa nini feni isiendelee gari ikizimwa. Ukizima injini pampu ya oili imekufa pia, mafuta hayatembei, feni itapoza yale machache yako ndani ya karejeta basi. Ukifika juu acha injini iungurume dakika mbili tatu, hiyo ndio inasaidia.

Wenye mnataka ya oili ya injini, si giaboksi, ni mambo mengine kidogo. Hapo presha ni kubwa, usinifungie hozi na klipu ya maji. Hozi ya AN-10 na mdomo wake wa kufunga na spana. Hiyo namba ni sehemu za 16 za inchi, so AN-10 ni 10/16, na AN-6 ya giaboksi ni 6/16, msipotezwe na muuzaji. Ile sahani ya kukaa chini ya oil filta iwe na thermostati ya 80 hivi, yaani kamlango kanafungulia oili iende kupozwa ikishafika hiyo joto, na kwa injini za EJ kama yangu uzi ni M20 kwa 1.5. Oili ya injini ikikaa baridi sana haikaushi maji na petroli zenye zimeingia ndani, kwa hivyo msee wa Nakuru anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi mwezi wa saba, bila thermostati, anaharibu injini akidhani anaitunza.

Na nyinyi wa Nakuru na Eldoret ongezeni saizi moja. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni 1,850, Timboroa inapita 2,700, na huko hewa imekuwa nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Feni inazunguka vilevile lakini inachota hewa kidogo. Safu 19 zangu zinanitosha hapa, huko ningeenda 25.

Haya, kompresa imenyamaza, wacha niwashe gari muiskie yenyewe, ju mtu aliniambia hizi feni ni kama ndege. Nimetoka kupanda saa hii, geji iko 86... hiyo. Mmeskia imeingia? Iko chini ya mlio wa injini, mpaka uinamishe kichwa hapa kwa bampa. Tishu nayo, angalieni, imeshika. Sasa 84... 83... tungojeni tu.

Tak. Imezima.