Makumbusho madogo ya reli: ukienda, mtafute mzee wa injini

Nilitenga nusu saa, nikakaa saa tatu nzima. Makumbusho yenyewe ni jengo la stesheni ya zamani katika mji mdogo, chumba kimoja cha maonyesho, na nyuma yake banda lenye injini ya mvuke na mabehewa mawili.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba injini haikuzungushiwa kamba. Unapanda mpaka anaposimama dereva. Mzee mmoja mstaafu wa reli anajitolea kuongoza wageni, na huyu ndiye makumbusho hasa. Alinionyesha kioo cha kupimia maji ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke, akasema mchochea moto haachi kukitazama. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri la moto lililo ndani ya boila, chuma kinalainika kwa joto, na boila inaweza kulipuka. Kwa hiyo paa hilo hutiwa vizibo vyenye kiini cha madini laini ya risasi. Risasi huyeyuka mapema, mvuke unafoka ndani ya tanuri, na wafanyakazi wanajua kumeharibika. Akanipa kizibo kilichokwisha kuyeyuka nikishike. Nimesoma habari za injini hizi miaka mingi, lakini tundu lile dogo lilinifundisha zaidi ya vitabu vyangu.

Halafu breki! Mvumbuzi Mmarekani George Westinghouse alianza na breki ya hewa mwaka 1869, lakini bomba la hewa likipasuka treni ilibaki bila breki. Baada ya miaka michache akaugeuza mpango wote: kila behewa likawa na tangi lake, na hewa ya bomba kuu ikipungua, vali inafungulia hewa ya tangi ikaze breki. Behewa likikatika njiani, bomba nalo linakatika, na vipande vyote viwili vya treni vinasimama vyenyewe. Mzee ana bomba na vali iliyopasuliwa ubavuni ili uone ndani. Alinifungulia hewa mara nne kwa sababu niliomba mara nne.

Tiketi, kofia na taa za mkono zipo, nzuri tu.

Kasoro zipo pia. Maelezo chini ya picha yamefifia, mengine hayasomeki kabisa, na picha kadhaa hazina mwaka wala jina la mahali. Ngazi ya injini ni wima, kwa hiyo mwenye magoti mabovu atabaki chini. Siku ambayo mzee hayupo, nadhani utaona vyuma tu, basi piga simu kwanza uulize zamu yake. Watoto wapeleke moja kwa moja kwenye mitambo ya kubadilishia njia, waivute wenyewe waone wenzo mmoja unavyoufunga mwingine ili treni mbili zisipewe njia moja.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Kwenye kitabu cha wageni niliandika ombi moja: mrekodini mzee huyu, sauti na picha, mwaka huu.