Pikipiki ya Kusuka Upya Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza Hapa Dodoma

Mtu anayetafuta pikipiki chakavu ili aisuke upya kwa mikono yake hanunui kitu kilekile anachonunua mwenye haraka ya kuwahi kazini kwenye ofisi za serikali kule Mtumba. Huyu wa pili ananunua injini inayowaka, ilhali wa kwanza ananunua fremu iliyonyooka na kadi safi ya usajili, kwa sababu mengine yote yatafunguliwa, yataoshwa kwa petroli na mengi yatatupwa. Kwa hiyo katika kupanga pikipiki ndogo zinazopatikana kwetu, kuanzia Majengo na Sabasaba hadi Kibaigwa na Kondoa, nimetumia kipimo kimoja tu: ni kiasi gani cha kazi kinaweza kumalizika uani kwa spana za kawaida, bila kusubiri basi lilete spea kutoka Dar es Salaam.

Nafasi ya kwanza naipa pikipiki ya Kichina ya cc 125 au 150 yenye injini ya muundo wa Honda CG125. Majina kwenye matangi ni mengi, SanLG na Fekon yakiwa miongoni mwa yanayojulikana zaidi, lakini ukifungua injini za nyingi kati yake unakutana na ukoo mmoja. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kusahauliwa oili, na ndiyo sababu waliacha cheni ya taimingi (inayopanga vali zifunguke kwa wakati wake), wakaweka kemu, yaani mhimili unaofungua vali, chini, ikizungushwa na gia na kusukuma vali kwa vijiti virefu. Kwa fundi wa nyumbani jambo hilo lina faida kubwa, kwani silinda hedi inang'oka bila kuhangaika na alama za cheni, na taimingi ya vali, ambayo ndiyo huwaponza wanaoanza, haiguswi kabisa wakati wa kubadilisha pistoni na ringi. Baada ya kufunga unarekebisha nafasi ya vali kwa kipimo cha milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na kazi ya juu imekwisha.

Namba iliyopigwa kwenye injini hizo inasomeka kwa urahisi ukishaijua. Katika 156FMI, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na herufi I ni daraja la cc 125. Katika 162FMJ kipenyo ni 62 na J ni cc 150. Nenda dukani na namba hiyo badala ya jina lililoandikwa kwenye tangi, nawe hutauziwa pistoni isiyoingia. Silinda iliyolika huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, nazo huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ila kwa pikipiki hizi mara nyingi ni nafuu kununua seti nzima ya silinda, pistoni na ringi kuliko kumlipa fundi wa kuchonga. Udhaifu wake ni waya na swichi, ambazo nashauri zibadilishwe zote bila kuzionea huruma. Aidha, injini ya CG haina chujio la karatasi la oili. Ina wavu mdogo na kikombe kinachozunguka ndani ya kifuniko cha upande wa klachi, ambamo uchafu hujikusanya kwa nguvu ya mzunguko. Nimefungua kikombe kilichojaa tope gumu kama ugali wa jana, na mwenye pikipiki alikuwa akiapa kwamba oili hubadilishwa kila wiki. Alisema kweli, ila kikombe hakikuwahi kuguswa.

Nafasi ya pili ni Bajaj Boxer, na najua wapo watakaokasirika, maana kijiweni kwa bodaboda Boxer ndiyo mfalme. Kwa matumizi na kwa kuuza tena sina ubishi nao. Boxer 150, ambayo kwa hakika ni cc 144.8, ina injini ngumu na spea zake ziko kila duka. Tatizo ni kwamba Boxer nzima haiuzwi kwa bei ya chakavu, na ile inayouzwa kwa bei hiyo aghalabu imemaliza miaka kijiweni ikibeba mishikaki ya abiria, magunia na matofali, kisha ikachomelewa fremu zaidi ya mara moja. Kagua kwa tochi shingo ya usukani na sehemu inaposhikia mkono wa nyuma unaobeba gurudumu. Ukiona mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi mpya peke yake, ondoka. Kemu yake iko juu na inaendeshwa kwa cheni, hivyo anayeisuka lazima ajue kupanga alama, na pia awe na jicho la kutofautisha spea halisi na bandia, kwa kuwa jina kubwa huigwa zaidi. TVS HLX naiweka palepale, hatua moja nyuma ya Boxer.

Ya tatu ni ile tukutuku ya wazee, Honda Cub ya cc 50, 70 au 90. Ilianza kutengenezwa mwaka 1958 na kufikia 2017 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 100 duniani, ingawa hapa kwetu zilizobaki zimelala stoo za walimu na makatekista wastaafu. Kwa uzuri haina mpinzani, na injini yake iliyolala ni nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja hadi mezani. Inunue ikiwa huna haraka, na ikiwa kadi ipo, sharti ambalo kwa pikipiki za umri huo huangusha dili nyingi.

Ya mwisho ni Yamaha AG100, pikipiki ya mabwana shamba. Fremu na keria zake zimejengwa kuvumilia, na cheni yake imefunikwa yote, jambo la maana sana katika vumbi letu. Hata hivyo injini yake ni ya mipigo miwili, na pampu ndogo ndiyo inayolisha oili kwenye injini. Pampu hiyo ikigoma, pistoni inakwama bila taarifa, na spea zake utaziagiza. Ni ya fundi wa pili au wa tatu, si ya anayejifunza.

Yoyote utakayochagua, usilipe kabla ya kufanya jaribio hili. Fungua mpira unaounganisha chujio la hewa na kabureta, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, kisha upanguse. Dodoma ina miezi mirefu ya kiangazi na upepo, na madereva wengi huendesha na chujio lililopasuka au bila chujio kabisa. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, injini imekula mchanga, nawe upange bei ukijua kwamba silinda, pistoni, ringi na pengine vali ni za kununua. Moshi wa bluu utathibitisha, lakini muuzaji mjanja huipasha injini kabla hujafika au huitia oili nzito; kitambaa hakidanganyiki kirahisi hivyo.

Kuhusu kadi, linganisha kwa macho yako namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa, na hakikisha anayekuuzia ndiye mwenye jina, ili uhamisho ufanyike TRA bila kumtafuta mtu aliyehamia Mbeya. Mimi niliwahi kununua ya cc 150 kwa dalali mmoja nikaridhika na namba ya chesisi peke yake. Injini ilikuwa ya pikipiki nyingine, na ile fremu nzuri bado imeegemea ukuta wa banda langu. Kwa bei, kanuni yangu ni kwamba chakavu isizidi nusu ya bei ya ileile inayotembea vizuri, kwani nusu iliyobaki italiwa na spea, matairi, beringi, rangi na makosa yako mwenyewe.

Marembo yasubiri mpaka pikipiki itembee angalau mwezi mmoja bila kuvuja. Badiliko la kwanza lenye faida ni spoketi: ukitoka na 15 mbele na 42 nyuma ukaweka 14 mbele, unapata nguvu ileile ya mlimani ambayo ungeipata kwa kuweka 45 nyuma, kwa gharama ndogo zaidi, ila mwendo wa juu utapungua kidogo. Usikate mkia wa fremu kwa ajili ya siti fupi kabla hujaamua keria itakaa wapi, na kabla ya kuchomelea chochote chomoa betri na CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha plagi). Rangi ipulizwe alfajiri kabla upepo haujaamka, baada ya kunyunyizia maji sakafu na uwanja unaozunguka banda. Ukichelewa hadi saa nne asubuhi mwezi wa Agosti, tangi litakauka likiwa na chembe za mchanga na itabidi ulisugue kwa msasa wa maji uanze tena.