Lenzi ya milimita 400 kwenye vumbi la Hombolo

Ndege nilianza kuwatazama kwa kulazimishwa. Utotoni, uwele ukishaanza kutoa punje, bibi alinipandisha dunguni tangu alfajiri niamie kwelea kwelea. Ukishinda dunguni wiki tatu unamjua ndege hata kwa jinsi anavyokunja bawa, upende usipende. Nimestaafu mwaka juzi, na kipande cha kiinua mgongo kikaishia kwenye lenzi ya kamera ya kuvutia ndege wa mbali, Canon EF 400mm f/5.6L ya mtumba. Mama watoto nilimtajia nusu ya bei.

Lenzi hii ilitoka mwaka 1993. Haina kile kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na haizumu: ukitaka ndege awe mkubwa kwenye picha, sogea wewe. Niliponunua wengi walinicheka. Lakini jua la Dodoma si la kuazima. Saa moja na nusu asubuhi, ISO 400 tu (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), napata spidi ya 1/2000, yaani picha inachukuliwa kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, na kwa spidi hiyo mkono wa mstaafu hauonekani kama unatetemeka. Ina kilo moja na robo, kwa hiyo naishika mkononi asubuhi nzima bila stendi. Nikiifunga kwenye kamera yangu, Canon 70D, ambayo kihisi chake ni kidogo, inavuta kama lenzi ya milimita 640.

Kazi yake hasa niliiona bwawa la Hombolo, lile lililochimbwa 1957. Mdiria mweusi na mweupe alikuwa amesimama hewani juu ya nyavu za wavuvi, mabawa yakienda mbio, kichwa kimetulia tuli kama kimepigiliwa msumari. Fokasi ilimnasa mara moja na haikumwachia mpaka anajitupa majini. Katika picha ya tano ametoka na kidagaa, na unaona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo. Kijana mmoja wa mtumbwi akaniita, "Shikamoo mzee, hiyo ni bunduki?" Nikamwitikia na kumwonyesha picha. Akaniambia yule ndege ndiye anayemtoboa mfukoni.

Karibu sana haifai. Haikamati kitu kilicho chini ya mita tatu na nusu. Kwezi wa kijivu, yule ambaye kwao ni Tanzania hii hii, alinitulia kwenye mwiba hatua mbili tu kutoka nilipokaa. Lenzi ikahangaika, zii, zii, nami nikarudi kinyumenyume hadi nikakalia mgunga. Kwezi akabaki ananitazama.

Lawama yangu kubwa ni kwa aliyeniuzia. Aliapa ni kama mpya. Nyumbani nikamulika tochi ndani nikakuta kuvu pembeni mwa kioo. Fundi aliitoa, laki moja na nusu ikaenda. Kabla hujalipa, mulika tochi.

Jambo jingine si kosa la lenzi yoyote. Ikifika saa nne, joto likishapanda kutoka ardhini, hewa inacheza na ndege wa mbali anatoka kama amechorwa kwenye maji. Niliharibu picha za wale kasuku wadogo wenye kola ya njano kwenye mibuyu nikidhani fokasi imekufa, kumbe ni saa tano mchana. Siku hizi ikifika saa nne nafunga, natafuta chai.

Kwa anayepiga ndege wanaoruka, kwenye jua kama letu, na mfuko haujanona, ningemwambia achukue. Kwa msitu wenye giza, hapana.

Kilichobaki ni vumbi. Kutoka Hombolo hadi mjini kwa bodaboda unafika umekuwa mwekundu hadi kope. Naifunga kwenye khanga, kunja mbili, halafu ndani ya begi. Khanga ni ya mama watoto, na juzi ameanza kuiulizia.